Akina Severa wa Dirisha la Sindano

Saa tatu na robo asubuhi. Karani ameita jina moja, wanawake watatu wamesimama.

Jina lililoitwa ni Severa Athanas. Kati ya hao watatu, hakuna hata mmoja anayeitwa Severa.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, msomaji, na hawajakaa.

Wa kwanza ni Husna Khalfani, mdai mwenyewe, muuza vitenge wa Kariakoo, ambaye mwaka huu alipasuliwa kichwa akatolewa uvimbe mkubwa kama ndimu. Wa pili ni Siti, mfupi, mwenye mimba isiyofichika tena. Wa tatu ni Angelina, mrefu kiasi kwamba feni ya mahakama humpepea yeye kwanza, wengine baadaye.

Siti ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kilichotokea.

"Shoga, tumesimama," alinong'ona.

"Naona," alijibu Husna.

"Tukae?"

"Tukikaa sasa hivi si ndiyo mbaya zaidi?"

Hakimu alivua miwani. Ni mwanamke wa makamo, maneno yake ni ya kupimwa. "Karani, umeita mashahidi wangapi?"

"Mmoja, mheshimiwa," alisema Hamis, karani.

"Mbona wameitika watatu?"

Kabla Hamis hajapata jibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Aliingia mama mnene wa miaka hamsini na kitu, amejifunga kitenge, anajifuta mafuta ya chapati vidoleni.

"Samahani mheshimiwa. Nilikuwa nakunywa chai nje, nimesikia naitwa."

"Wewe ni nani?"

"Severa Athanas."

Ukumbi ulilipuka. Bryson, wakili wa kampuni, alikuwa amesimama kabla kicheko hakijafika benchi la nyuma.

"Mheshimiwa! Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba Severa wapo wanne!"

"Imeingia," alisema Hakimu. "Wengine wakae. Severa aliye Severa aje kizimbani."

Wewe uliyeanza kusoma leo, kesi yenyewe ni hii. Kuna kampuni inayoingiza nchini sindano ya kuzuia mimba iitwayo Tulizo, mwanamke anachomwa mara moja kila miezi mitatu. Kampuni hiyo ina zahanati yake Mchafukoge. Husna alichomwa pale kwa miaka sita, ndipo kichwa kikaanza. Anadai kwamba kampuni ilijua kuwa wanaoitumia kwa muda mrefu wamo katika hatari ya kupata uvimbe kwenye utando wa ubongo, na haikumwambia.

Kampuni ina majibu mawili. La kwanza, Husna alielezwa hatari zote. La pili, Husna hakuwahi kuchomwa. Mawakili wanaruhusiwa kusema yote mawili kwa pumzi moja.

Jibu la pili ndilo lililokuwa linamuumiza. Zahanati haina mteja anayeitwa Husna. Ina mteja anayeitwa Severa.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko hilo. Benchi la nyuma, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alikaa Hashimu, mume wa Husna, amefunga duka lake la vitambaa ili aje kumpa mkewe moyo. Hashimu alikuwa anajua mkewe ameshitaki watu wa sindano. Alikuwa anajua ni sindano za mgongo. Husna ndiye aliyemwambia hivyo.

Pembeni yake alikaa mama yake, Bi Shadya.

Bi Shadya aliingia ukumbini kabla ya mwili wake. Kwanza ilifika harufu ya udi. Siku hizi alikuwa anajifukiza mpaka majirani wanapiga chafya, na hata leo watu wa benchi la mbele yake walikuwa wamesogea. Kichwani alijifunga mtandio kwa nguvu, umekaza juu ya jicho la kushoto. Mlangoni alimkumbatia Hamis, karani, akidhani ni mtoto wa dada yake.

"Mama," alinong'ona Hashimu, "kwa nini Husna amesimama alipoitwa Severa?"

"Labda alikuwa ananyoosha miguu," alijibu Bi Shadya.

Severa alishika Biblia, akaapa. Nasreen, wakili wa Husna, alisogea.

"Bi Severa, unafanya kazi gani?"

"Nauza viatu vya mtumba Mchikichini. Wewe mguu wako ni thelathini na nane, na hicho ulichovaa kinakubana."

Nasreen hakutazama chini, ingawa kilikuwa kinambana kweli. "Umewahi kuchomwa sindano ya Tulizo?"

"Mimi? Mungu aniepushe! Mimi sindano naziogopa. Hata ya ganzi ya jino niliikimbia, nikang'olewa kavu kavu."

"Zahanati inasema umechomwa miaka na miaka."

"Mimi sijachomwa. Jina langu ndilo lililochomwa."

"Fafanua."

"Mheshimiwa, wewe lile dirisha la sindano unalijua? Linatazama barabarani, katikati ya maduka. Na yule wa dirishani ana sauti ya mnadi. Haiti mtu kwa staha. Anaita: fulani binti fulani, sindano ya uzazi! Sasa akiitwa mke wa mtu, mumewe anasikia akiwa hapo hapo dukani na mkasi mkononi. Mkwe anasikia. Muuza kahawa anasikia, na huyo akisikia ndiyo imefika Buguruni."

Wanawake ukumbini walicheka. Hashimu naye alicheka, na kwa sauti kuliko wote. Alikuwa anawahurumia hao waume; wa kwake, alijua, alichomwa ya mgongo.

"Kwa hiyo wenzako walifanya nini?"

"Wakaitwa mimi. Mimi mume wangu yuko kaburini Masasi tangu zamani. Asikie nini? Likiitwa 'Severa Athanas', anainuka aliye na zamu, anaingia, anatoka, yamekwisha. Tumezoea hivyo. Ndiyo maana hata leo limeitwa, wameinuka."

"Na wewe watu walikuambia nini?"

"Walisema mjane gani huyu, kila ukipita anachomwa sindano ya uzazi. Wakasema nina mabwana. Kanisani wakanitoa kwenye kwaya." Severa alishika kiuno. "Hao mabwana wenyewe, mheshimiwa, sikumwona hata mmoja."

Hakimu alishusha kichwa, akaandika jambo kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Ikawa zamu ya Bryson. Alifunga kifungo cha koti, akamkazia macho shahidi, akafungua mdomo. Kilichotoka ni malezi mema ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Wakili aliyekwisha kuamkia hawezi tena kufoka. Bryson alilijua hilo, akaharakisha.

"Jina lako ulilikopesha kwa wanawake wangapi?"

"Wanne."

"Waliosimama ni watatu."

"Ni kweli."

"Wa nne ni nani?"

Severa alitazama dari. "Nimeapa kusema ukweli wangu, baba. Ukweli wa mwenzangu atauapia mwenyewe."

"Bi Severa," alisema Hakimu, "mahakama inaweza kukulazimisha."

"Najua, mheshimiwa. Naiomba tu isiwe na haraka. Wengine wanachelewa kusimama."

Hakimu alifikiri. "Mdai akimaliza kusema, utarudi hapo na utajibu."

Bryson hakuhitaji kungoja. Alikuwa ameona mlango, akaingia nao mbio.

"Mheshimiwa, tumemaliza kazi! Hawa wanawake wamekiri kwamba walitumia jina la uongo. Kampuni itamwonyaje mtu ambaye haijui kama yupo? Hata ingegundua hatari kesho, ingemtafuta nani? Ingemtafuta Severa, na Severa anaogopa sindano! Naomba kesi itupwe leo hii."

Msomaji, hoja hiyo ilikuwa nzuri. Husna aliuona uzuri wake usoni mwa Hakimu. Kesi ikitupwa, hakuna mwanamke mwingine wa Kariakoo atakayethubutu kuileta tena, na yeye atakuwa ameianika siri yake hadharani bure.

Nasreen alisimama taratibu.

"Walificha jina, mheshimiwa. Sura hawakuificha." Aligeukia upande wa kampuni. "Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati, Bi Mektilda, aliapa hapa kwamba kila mteja alimkalisha mbele yake, akamtazama machoni, akamweleza madhara yote mwenyewe kwa mdomo wake. Alisema: mteja wangu simsahau, hata gizani namjua. Naomba aitwe. Atuonyeshe Severa wake."

Bryson alifungua mdomo kupinga, akaona kwamba akipinga ni vibaya, akiacha ni vibaya. Alikaa.

Mektilda aliletwa kutoka nje, alikokuwa amekaa tangu asubuhi na wala hajasikia lolote. Mwanamke mkakamavu, kola imepigwa pasi, miaka yake yote ya kazi iko pale zahanati tangu ilipofunguliwa.

"Muuguzi," alisema Nasreen, "yule mteja wako Severa Athanas, uliyemtazama machoni, yumo humu ndani?"

"Kama yumo nitamwona," alisema Mektilda.

Alianza benchi la mbele. Macho yake yalipita kwa Angelina, aliyekuwa amejikunja hadi akafikia urefu wa watu wa kawaida. Yakapita kwa Siti, aliyefunika tumbo kwa pochi. Yakamfikia Husna, yakampita. Yakamfikia Severa mwenyewe, anayeuma kipande cha mwisho cha chapati, yakampita kama ukuta.

"Usiharakishe," alisema Nasreen, sauti tamu kama halua.

Mektilda alitazama benchi la nyuma. Uso wake ukang'aa.

"Yule pale! Yule mama mwenye mtandio uliokaza, aliyekaa na kijana. Huyo ndiye Severa."

Kidole kilikuwa kimemwelekea Bi Shadya.

Benchi la mbele likaanguka kwa kicheko, la pili likafuata. Hamis, karani, alijificha nyuma ya jalada. Angelina alirudi kwenye urefu wake, akapiga makofi.

"Mama yangu?" Hashimu alifuta machozi ya kicheko. "Dada, mama yangu ana zaidi ya miaka hamsini! Anazuia nini?"

"Astaghfirullah," alisema Bi Shadya kwa sauti kavu. "Huyu binti apelekwe kwenye miwani."

Bryson alikuwa anasoma kucha zake. Mektilda alikaa, ameduwaa, midomo inachezacheza. Waliokuwa karibu naye walimsikia akisema: "Lakini ndiye."

Hakuna aliyemjali.

"Ombi la kutupa kesi limekataliwa," alisema Hakimu. "Kampuni inasema ilimtazama mteja machoni. Mahakama imeona inavyotazama. Mdai apande."

Siti alimbana Husna mkono. Angelina alisema, "Tumeshinda, shoga!"

"Bado," alisema Husna. Alikuwa anamtazama mumewe, ambaye alimpungia mkono.

Kizimbani Husna aliongozwa na Nasreen kwa maswali mafupi, naye akajibu kwa kifupi. Ugonjwa ulianzaje? Ulianza na pua. Wali uliungua akiwa amesimama pembeni ya sufuria, asisikie harufu yoyote. Mpangaji wa chumba cha pili ndiye aliyekuja mbio. Halafu? Kichwa, upande wa kushoto, asubuhi kuliko jioni. Halafu? Jicho.

"Jicho lilikuwaje?"

"Kama mtu ameshusha pazia upande mmoja. Nilikuwa nagonga fremu za milango. Wateja wakisimama kushoto kwangu nilikuwa siwaoni, wakasema naringa."

Daktari wa upande wake alishaeleza kwamba sindano ya aina hii ikitumika kwa miaka mingi inaweza kuhusika na uvimbe wa namna ile. Daktari wa kampuni alishaeleza kwamba kuweza si lazima, na kwa Husna haijathibitishwa. Hayo atayaamua Hakimu, si mimi.

"Muuguzi alikueleza nini juu ya hatari hiyo?" aliuliza Nasreen.

"Aliniambia nilegeze bega."

"Basi?"

"Basi."

Nasreen alikaa. Bryson alisimama, safari hii bila kuamkia mtu. Alikuwa amechekwa vya kutosha asubuhi ile, na alikuwa na jambo moja lililobaki mkononi.

"Bi Husna, una mume?"

"Ninaye."

"Yumo humu?"

"Yumo."

"Katika miaka hiyo sita alijua kwamba unachomwa sindano ya kuzuia mimba?"

Nasreen aliruka. "Mheshimiwa, hilo halihusiani na dawa!"

"Linahusiana na ukweli wake," alisema Bryson. "Mtu aliyeweza kumdanganya mumewe nyumbani, atashindwaje kutudanganya sisi hapa?"

Hakimu alisita. "Atajibu," alisema. "Mara moja tu."

Husna alishika ukingo wa kizimba. Angeweza kusema ndiyo, alijua. Hashimu alikuwa na moyo mzuri, pengine angemfichia mbele ya watu na kumaliza nyumbani. Lakini alikuwa ameapa, na kesi yake nzima ilikuwa kumshitaki mtu aliyejua jambo akanyamaza.

"Hakujua," alisema.

Kicheko kilichokuwa kimebaki usoni mwa Hashimu kilikaa pale pale, kimesahauliwa.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ni sindano za mgongo."

"Na mama mkwe wako, katika muda huo, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananiletea kombe. Maji ya zafarani yaliyosomewa, ya kutafuta mtoto."

"Ukawa unayanywa?"

"Yote."

"Na bado unachomwa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?" Bryson mwenyewe alionekana kutaka kujua.

"Mwaka wa kwanza nilitaka kupumua kidogo, nilikuwa nimetoka kuolewa. Nilisema mwakani nitaacha, nitamwambia. Mwaka wa pili mama alikuwa ameshaninywesha makombe mengi, na mume wangu ameshachinja mbuzi wa nadhiri. Nikaona haya. Utamwambiaje mtu, samahani, yule mbuzi hakuwa na haja ya kufa?"

Msomaji, watu walicheka. Sina namna ya kuficha. Siti alicheka hadi akashika tumbo, na watu wawili wakamwinukia wakidhani ni uchungu.

Hashimu hakucheka. Alisimama.

Alikuwa mweupe midomoni. Alimtazama mkewe kupita vichwa vyote.

"Husna binti Khalfani," alisema.

Mume anayemwita mkewe kwa jina la baba yake, amesimama, mbele ya mashahidi: hakuna mtu wa Kariakoo asiyejua sentensi hiyo inakoelekea. Hamis aliacha kuandika. Severa alifanya ishara ya msalaba.

"Husna binti Khalfani, mbele ya watu hawa wote, mimi—"

"Hashimu. Kaa."

Sauti ilitoka pembeni yake. Bi Shadya alikuwa anainuka, mkono mmoja gotini, mkono mwingine umeshika bega la mtu wa mbele, ambaye alipiga chafya.

"Mama, kaa wewe. Hili ni langu."

"Lako lilianzia kwangu." Alimaliza kunyooka. "Mheshimiwa, niwie radhi. Jina limeitwa tangu asubuhi. Magoti ndiyo yamechelewa."

"Mama, wewe ni nani?" aliuliza Hakimu.

"Nyumbani naitwa Shadya. Dirishani nilikuwa Severa. Mimi ndiye wa kwanza. Hawa wameniiga."

"Nilisema mimi!" Mektilda alipiga ukelele kutoka kwenye benchi lake. "Nilisema!"

Ilibidi Hakimu agonge meza mara tatu, na hata alipogonga mara ya tatu bado Angelina alikuwa anaimba kitu.

"Mama," alisema Hashimu. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilikuwa nalia nataka mdogo wangu. Uliniambia Mungu ndiye anayejua."

"Si alikuwa anajua?"

"Na baba?"

"Baba yako hajui. Baba yako yuko Buguruni, anatengenezesha gari." Bi Shadya alisikiliza mlio wa vidole kwenye simu pande zote za ukumbi. "Atajua sasa hivi."

"Na makombe uliyomnywesha mke wangu?"

"Nilimletea kwa moyo safi. Sikujua kwamba anachomwa. Ningejua anachomwa nisingepoteza zafarani." Alivuta pumzi. "Sikiliza, Hashimu. Baada yako nilikaribia kufa, na wala hukuambiwa. Nilifanya nilichofanya, nikanyamaza miaka yote hiyo, na wewe umekula, umevaa, umeoa. Kama kosa la huyu ni la kuachwa, basi na baba yako ana haki ya kuniacha leo kabla ya adhuhuri. Haya. Malizia sentensi yako."

Hashimu alimtazama mama yake. Akamtazama mkewe kizimbani, na kovu lililochomoza kidogo chini ya mtandio wake.

Alikaa. Sentensi ilibaki nusu.

Husna aliachia ukingo wa kizimba. Vidole vyake vilikuwa vimeacha alama za jasho kwenye mbao.

Lakini Bryson alikuwa ameamka upya, macho yanameta.

"Mheshimiwa! Kumbe muuguzi hakukosea! Alimtambua mteja wake kati ya watu wote hawa! Basi ni kweli aliwatazama machoni, na ni kweli aliwaonya! Huyu mama ni shahidi wetu!"

"Alimjua mmoja kati ya wanne!" Nasreen alikuwa amesimama pia. "Hao watatu aliwatazama wapi? Mama ni shahidi wetu sisi!"

"Wetu!"

"Wetu!"

"Nyamazeni nyote wawili," alisema Hakimu. "Ni shahidi wa mahakama. Bi Husna, shuka kwanza. Bi Shadya, njoo upande kizimbani, utuambie mwenyewe uliambiwa nini na hukuambiwa nini."

"Nakuja, mheshimiwa. Ila mngewasha na taa nyingine. Humu ndani mna giza."

Taa zote za ukumbi zilikuwa zinawaka.

Bi Shadya alitoka kwenye benchi kwa madaha, kama anayeingia ukumbi wa harusi. Bega lake la kushoto liligonga mwisho wa benchi la pili. Akasema samahani kwa benchi. Likagonga na la kwanza. Watu walianza kucheka tena. Aliendelea mbele, akakipita kizimba kilichokuwa kushoto kwake, akafika kwenye kabati la majalada, akasimama mbele yake, akarekebisha mtandio.

"Nipo tayari, mheshimiwa," aliliambia kabati.

Kicheko kilipanda, kikafika juu, kikakatika.

Nasreen alikuwa ameacha kucheka kabla ya wote. Husna hakuwa amecheka kabisa. Alishuka ngazi za kizimba, akapita katikati ya mawakili, akamfikia mama mkwe wake.

"Mama. Kizimba kiko kule, kushoto kwako."

"Kushoto kwangu hakuna kitu, mwanangu," alisema Bi Shadya. "Kuna pazia."

Husna alisogea karibu zaidi. Harufu ya udi iliyotoka kwenye nguo za mama mkwe wake ilimpanda puani, kali, ya kutoa machozi; tangu apasuliwe pua yake ilikuwa imerudi.

"Mama," aliuliza polepole, "huu udi unausikia?"

Bi Shadya aligeuza uso, akanusa hewa.

"Udi gani?"

Husna alimshika mkono.